Jiwe Lililopita Juu ya Maturubai

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimeingia kwenye sayansi. Rasmi.

Ilivyokuwa: usiku nilipanda juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Hilal, hapa hapa Madale, kuazima nyaya za spika. Nikamkuta binti yake, Mwalimu Nawal, anayefundisha fizikia sekondari, kainamia bomba jeupe la miguu mitatu. Darubini. Nikamwambia vitu hivyo nimeviona sana Dubai. (Dubai nilipita uwanja wa ndege tu, nikabadilisha ndege. Lakini nilipita.)

Akanipisha nichungulie. Nyota moja, rangi ya chungwa. Jina lake la Kiarabu, Nawal analitamka kama anameza asali. Mie naliita Ile. Nilitegemea kitu kimetulia kama taa. Wapi! Ilikuwa inatetemeka, inavimba, inanywea, kama jicho la mtu aliyelala anaota. Halafu nikahisi kwamba imenigundua. Nikajifanya nakohoa, nikaondoa jicho.

Nawal akasema Ijumaa hii, saa mbili na robo usiku, kuna jiwe huko angani, asteroidi, halina hata jina, lina namba tu ndefu kama ya kitambulisho cha taifa. Litapita mbele ya Ile. Wataalamu wamepiga hesabu, na sehemu nzuri ya kulitazama ni ukanda wetu huu. Ulaya wanasubiri ripoti yake.

Ijumaa! Saa mbili na robo! Send-off ya Tupokigwe!

Tupokigwe ni mtoto wa dada yangu Anjelina. Baba yake alifariki akiwa hajajua kutembea, mgongo uliombeba ni huu. Anaolewa na Revelian, Mhaya wa Boko, kijana mpole kuliko kabila lake. Harusi Jumamosi ya wiki ijayo. MC wa send-off ni mie. MC wa harusi ni mie. Polikarpo wa Tegeta, anayejiita MC naye, alizitaka zote mbili akazikosa zote mbili. Juzi kanitupia maneno mbele ya watu: eti sina kipya, utani wangu wa Wahaya na senene wao watu wanaumalizia wenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kipya? Atakiona.

Nawal alikuwa bado anaeleza, simu yangu ikaita, nikamwambia nimeshaelewa. Jiwe linaifikia nyota. Jiwe na moto vikikutana ni cheche! Hilo halihitaji chuo. Halafu mie ni mtu wa Mbozi. Nimekulia jirani na Kimondo chenyewe, nimekikalia nikila mahindi ya kuchoma. Mambo ya angani nayajua kwa makalio.

Jumatano, 16 Julai

Mpango umekamilika. Unanitisha mwenyewe kwa uzuri.

Saa mbili na dakika chache nazima taa zote za maturubai. Jenereta kimya. Simu mifukoni. Naitangaza Ile kuwa nyota ya Tupokigwe. Nahesabu. Cheche angani! Shampeni paa! Muziki! Polikarpo anakwenda kuuza mitumba.

Tupo kaniuliza, Anko Lusu, una uhakika? Nikamwambia anko wako hajawahi kukosea jambo la juu, hukosea ya chini tu. Akacheka. Akicheka hufunika mdomo kama mama yake. Nitammiss huyu mtoto.

Jioni nikaenda uani kwa dada kufanya mazoezi. Nikasimama juu ya kreti la soda, nikanyoosha mkono. Huko mlimani mapagale yote yamesimama na madirisha yake matupu, kama mafuvu yamepangwa kwenye ngazi. Mbwa wa jirani akanifuata. Akaangalia nilikoangalia. Hakubweka. Akarudi kinyumenyume mpaka chini ya gari, akakaa huko.

Sikupenda.

Nilimwalika Nawal. Akasema hawezi, siku hiyo atakuwa juu ya paa kazini, na binamu yake Hudhaifa atakuwa Boko na darubini ndogo kuangalia upande wa pili. Upande wa pili wa nini, sikuuliza. Mtu mzima haulizi kila kitu.

Ijumaa, 18 Julai. Usiku, taa sizimi.

Mwandiko usamehewe.

Mpaka saa mbili kila kitu kilikuwa asali. Maturubai uani kwa dada, yaliyoachwa wazi katikati, yamejaa, ndafu kaingia kwa miguu ya vijana wanne, Polikarpo kaja bila kualikwa, kakaa meza ya nyuma na uso wa ndimu. Upande wa bwana harusi wamefika, kasoro Bibi Kokushubila, bibi yake Revelian, aliyemlea. Magoti hayamruhusu. Revelian kampigia simu Boko, kaiweka hewani mezani, bibi asikilize kila kitu akiwa kwenye kibaraza chake. Jambo zuri. Nikampigia bibi makofi ya ukumbi mzima.

Nikazima taa. Jenereta likakohoa, likafa. Giza! Watu mia mbili kwenye giza, huoni uso, unasikia nguo tu. Nikasema kwa sauti yangu ile ya redio: mnaiona ile ya rangi ya chungwa? Ile ndiyo nyota ya Tupokigwe! Itazameni itakavyomjibu mumewe! Tatu! Mbili! Moja!

Ikazimika.

Haikufifia. Haikufunikwa na wingu, wingu halikuwepo. Ilikuwepo, halafu haikuwepo, kama mtu kaibana kwa vidole viwili vyenye mate.

Mie nimefanya sherehe miaka mingi, msiba nimeendesha, kimya cha namna ile sijakisikia. Hata mtoto aliyekuwa analilia keki alinyamaza. Halafu ni yeye aliyesema, taratibu tu, kutoka chini ya meza: Nani kazima?

Kisha ikarudi. Palepale. Imetulia, kama haijafanya kitu.

Hapo ndipo kijana wa shampeni, kachelewa, akafyatua. Paaa! Ukumbi mzima ukaanguka chini. Mama mmoja wa Boko akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Tupo alikuwa kasimama peke yake katikati, na gauni lake jeupe, bado anatazama juu. Nilimwendea. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama kaitoa kwenye friji.

Ningeweza kuliokoa hilo. Utani mmoja tu! Lakini pale mezani simu ikaongea. Bibi Kokushubila akauliza mbona mmenyamaza, kuna nini huko. Revelian akamwambia, Bibi, nyota imezimika. Bibi akauliza nyota gani. Akaelezwa. Halafu sauti ya bibi, polepole, ukumbi mzima unasikia: Mbona mie ninaitazama hapa? Tangu mlipoanza kuhesabu ninaitazama. Haijazimika hata kidogo.

Nikaagiza jenereta liwashwe.

Ndafu hakuliwa. Ndafu mzima!

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi na mapema nikaandika kwenye grupu la kamati kwamba lilikuwa wingu dogo, jeusi, la kasi. Majibu arobaini ya kucheka, moja la Polikarpo: Pole sana MC wa gizani.

Dada Anjelina kanirushia mwiko. Ulikuwa na uji.

Kabla ya saa sita akaja Mwalimu Nawal anakimbia, anang'aa, hajalala. Hajawahi kupata tukio safi kama lile! Jiwe limepita mbele ya nyota likaiziba sekunde tisa, kamera yake imelinasa lote!

Likaiziba. Kuziba! Jumatatu hakusema kuziba. (Anasema alisema. Simu ilikuwa inaita.)

Nikamuuliza sasa ilikuwaje Boko. Akachukua sinia la dada, akaliinua juani, kivuli kikaanguka uani. Akasema mwanga wa nyota ndiyo jua lenyewe, jiwe ndiyo sinia. Kivuli cha jiwe kilidondoka kutoka huko juu, kikakimbia juu ya nchi kwa kasi kuliko risasi. Kikatoka bara, kikapita juu ya Madale, kikaingia baharini. Aliye ndani ya kivuli kaona giza. Aliye nje hakuona kitu.

Kwa hiyo kilitupitia. Juu ya maturubai, juu ya sahani za pilau, juu ya Tupo. Kila mtu na mwili wake. Nikamuuliza kama kinaachaga kitu kwa mtu. Akacheka, akasema hakiachi.

Saa sita mchana nikasimama uani peke yangu, nikakagua kivuli changu. Kipo. Ila naona kimefupika.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa Revelian alikuja. Hakukaa. Akasema bibi yake kasema hivi: kama nyota ingezimika dunia nzima, hilo ni la Mungu. Lakini imezimika kwa watu wa Madale peke yao, kwenye maturubai ya bi harusi peke yake, na Boko inawaka. Basi hicho kiza kina wenyewe. Hatatoa baraka. Na Revelian bila baraka ya bibi haendi kanisani, kamlea tangu ana wiki mbili. Alikuwa anataka kulia, nikatangulia mie.

Jumamosi ndiyo harusi. Siku zimebaki za kuhesabu kwa mkono mmoja, na kidole kimoja cha mkono wa pili.

Polikarpo naye hajalala. Anapita saluni hadi saluni akinong'ona kwamba sie watu wa Mbozi tunajulikana kwa ndagu, ule uchawi wa utajiri, kwamba Lusungu kaitoa nyota ya mtoto wa dada yake ili apate kazi za MC mpaka Dodoma. Ndagu! Mie! Kama ningekuwa na ndagu ningekuwa na spika zangu mwenyewe.

Usiku Ile ilitokeza kwenye dirisha langu. Nikafunga pazia. Nikalifungua kidogo kuhakikisha. Ilikuwa bado inanitazama.

Jumanne, 22 Julai

Mpango wa pili. Bibi hushikwa kwa tumbo.

Asubuhi nikashuka Kunduchi sokoni, nikachagua kolekole mkubwa, ana macho maangavu kuliko yangu. Nikaenda naye Boko. Shikamoo Bibi, nikapiga goti. Bibi Kokushubila kakaa kwenye kiti cha kamba, kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi. Akaitikia marahaba. Akamtazama samaki, akasema kwao samaki ni sato, wengine wote ni wageni. Akamwacha samaki akae kwenye beseni, mie nikakaa kwenye jua.

Halafu akauliza swali moja tu. Lile giza lilianzia wapi?

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza mlango uko upande gani. Nikajibu bila kufikiri: Bibi, huku Boko taa za barabarani ni nyingi, pengine macho yako hayakuona vizuri.

Kumbe bibi katolewa mtoto wa jicho Mei! Macho mapya kabisa! Anasoma kalenda ya ukutani toka nje! Akaanza kunisomea. Alinisomea mpaka jina la kiwanda kilichoichapa. Kisha akanisomea mie mwenyewe, kuanzia kola.

Nimerudi kwa miguu mpaka kituoni. Kolekole kabaki.

Alhamisi, 24 Julai

Andika Lusungu, hata kama inauma.

Asubuhi nilimkuta Tupo chumbani analikunja gauni la harusi. Analikunja vizuri, kona kwa kona, kama nguo ya marehemu. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Akaniuliza tu: Anko, kile kitu kilichopita, kilinichagua mie?

Sikuwa na utani. Mie! Sikuwa nao.

Nikapanda kwa Nawal bila mpango wowote. Nikamkuta naye kanuna. Hudhaifa, binamu yake, siku ile alikuwa Boko kweli, lakini akaenda kula mishikaki, akasahau kutazama juu. Sasa Nawal anajua kivuli kilipita wapi, hajui kiliishia wapi. Bila mtu wa upande wa pili jiwe halina ukubwa, na ripoti yake ni kama kanzu isiyo na pindo.

Nikasema afadhali yako, mie nina bibi mmoja huko Boko anayeapa hakuona kitu kuzimika, kaitolea macho Ile muda wote na simu sikioni, kasikia mpaka tatu-mbili-moja yangu.

Nawal akasimama. Darubini nusura ianguke. Akasema, braza, rudia.

Tulifika Boko jua linazama. Nawal kajifunga ushungi wake vizuri, kaamkia mpaka chini. Hakueleza kitu. Aliuliza tu. Bibi alikuwa kakaa wapi? Pale. Akiangalia wapi? Kule, juu ya mwembe wa jirani. Akifanya nini? Anasali rozari, Ijumaa ni Matendo ya Uchungu, alikuwa tendo la nne. Aliposikia moja, nyota ilikuwaje? Inawaka. Waliponyamaza? Inawaka. Mtoto aliposema? Inawaka, tena ikamtia hofu kwa kuwaka, maana simu imekufa kimya kama kaburi na yenyewe iko palepale inamkodolea.

Siku zote hizo nilidhani ni sie tulioogopa. Bibi alikuwa peke yake kwenye kibaraza, anawasikiliza watu mia mbili wakipotea.

Nawal akawasha taa ya ukutani, akainua mfuniko wa sufuria, kivuli kikakata kibaraza katikati. Miguu yangu ikawa ndani, kiti cha bibi kikawa nje. Akasema: Bibi, hakuna aliyechaguliwa. Ukingo wa kivuli umepita kati yenu na Madale. Na wewe ndiye mtu pekee uliyekaa nje ya ukingo ukiwa macho. Jina lako linatakiwa kwenye ripoti.

Bibi akauomba ule mfuniko, akaugeuza mkononi. Akauliza: Kwa hiyo hilo jiwe nimeliwekea mpaka mie?

Ndiyo, Bibi.

Na ripoti inakwenda Ulaya?

Inakwenda.

Kokushubila kwa K mbili, akasema. Na waandike ni wa Kamachumu, wasije wakadhani ni mtu wa hapa.

Halafu akamwita Revelian atoke nje, akamwekea mkono kichwani, akasema Jumamosi watu waende kanisani, yeye magoti atayabeba mwenyewe. Nikarukaruka. Akanionyesha kidole. Sharti moja: huyu asishike kipaza sauti.

Nimekubali. Kwa ajili ya Tupo ningekubali hata kushika fagio. Nimelia kidogo chooni, kwa sababu ya vitunguu.

MC atakuwa Polikarpo.

Jumapili, 27 Julai

Wameoana. Tupo kaingia kanisani kafunika mdomo kwa kucheka. Inatosha, nife leo.

Polikarpo kaendesha ukumbi kama anasoma majina ya waliofeli. Utani wake mmoja ulikuwa wangu wa senene. Watu wakaumalizia wenyewe. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, uchungu huo ni wangu na Mungu.

Bibi Kokushubila alikuwa meza ya mbele, anamweleza Monsinyori aliyefungisha ndoa jinsi alivyolipima jiwe. Limeshaongezeka. Wakati wa saladi lilikuwa kama Boko, wakati wa keki limefika Bagamoyo.

Mwishoni akaniita. Akanishika mkono, akanivuta sikio karibu. Akasema ameshaelewa ya kivuli, yamekwisha. Kitu kimoja tu. Katika kile kimya, baada ya ile tatu-mbili-moja yangu, kabla ya mtoto kusema, kuna mtu alicheka. Karibu kabisa na simu. Kicheko kidogo, cha mtu mzima, kama cha anayefurahi kukuta nyumbani kuna watu. Kamuuliza Revelian, Revelian kasema mezani alikuwa peke yake. Ni nani alicheka?

Nikamwambia ni mie, Bibi. Nisamehe, ni tabia.

Akashusha pumzi. Akanipigapiga shavu, akala kipande chake cha keki.

Sikuwa mie. Mie nilikuwa juu ya kreti, mbali na meza ile, nimekiuma kipaza sauti kwa meno.

Jumatano, 6 Agosti

Siku tatu sijatazama juu. Nimepona.

Tena kazi imekuja! Flaviana, dada yake Revelian, mjamzito wa miezi saba, kanipigia kwa siri bibi asijue. Anataka sherehe ya kumkaribisha mtoto, na MC mwenye maneno. Kasema Polikarpo alimpa usingizi na mtoto tumboni akalala. Familia hii ina akili.

Nikapanda kwa Nawal palepale, kuulizia kama Oktoba kuna chochote huko juu. Kipo! Kometi! Nyota yenye mkia, inakuja yenyewe, watu wataiona jioni bila darubini. Akaanza kueleza kwamba kometi hazitabiriki, zikikaribia jua. Simu ikaita, nikamwambia nimeshaelewa. Nikamtumia Flaviana ujumbe: Mwanao ana nyota yake, ina mkia, ni ya kwake peke yake, naitangaza Oktoba, taa zote zitazimwa.

Jioni hii Nawal kaniandikia. Kometi imepasuka. Kichwa kimekuwa viwili, vinasafiri pamoja, giza katikati yake.

Nimekaa nikawaza kama mtu mzima. Nimefikiri sana, kuliko siku zote. Kisha nikampigia Flaviana kumpongeza: mapacha!

Kapiga yowe, simu ikakatika. Furaha hiyo, namjua. Nimeshaagiza keki mbili.

Nawal anapiga tena na tena, nadhani anataka kunieleza kuhusu mkia. Sipokei. Mkia naujua.